Shujaa wa Kupeleka Nairobi

Niliingia kwenye kamati ya sanamu kwa sababu mimi ni mwanamke. Sijidharau ninaposema hivyo. Ndivyo alivyoniambia adeer, yaani ndugu mdogo wa marehemu baba yangu, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti na ambaye hajawahi kumfichia mtu neno. Alifika kwangu mtaa wa Iftin, hapa Garissa, baada ya swala ya alasiri, akaketi, akamaliza chai yake, kisha akanieleza kwamba Nairobi wanataka kamati yenye mwanamke ndani. Wazee walikuwa wamezunguka mji mzima wakitafuta mwanamke anayejua kuandika Kiswahili cha serikali na asiye na maswali mengi. Kwa sifa ya kwanza jina langu lilitajwa upesi, maana nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya wasichana. Kwa ile ya pili, adeer alinidhamini.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Katika jiji kuu kulikuwa na mpango wa bustani ya mashujaa. Kila upande wa nchi ungetoa mtu wake, achongwe, asimamishwe hapo watoto wa shule waletwe kumtazama. Mpango ulipokaribia kuiva, mtu fulani ofisini alitazama ramani akagundua kuwa kuna kipande kikubwa cha nchi, huku kaskazini mashariki, kisicho na shujaa hata mmoja. Nadhani walikuwa wamenunua ramani mpya. Tukaombwa tupeleke jina, na tulipeleke haraka, kwani sikukuu ya taifa ilikuwa inakaribia na waziri hakutaka kuonekana ametusahau. Kutusahau kwenyewe hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuonekana.

Tulikaa kikao cha kwanza katika hoteli moja karibu na soko la mifugo. Nyama ilikuwa nyingi na mashujaa walikuwa wengi zaidi. Mtu alimtaja mbunge mmoja wa zamani, na kabla hajafunga mdomo, mtu wa ukoo mwingine akakumbuka kwamba marehemu alichimba visima upande wa kwao peke yake. Akatajwa askari aliyekufa akilinda mpaka. Ikaulizwa mama yake alikuwa wa nani, na jibu likammaliza tena, mara ya pili. Akatajwa mfanyabiashara aliyejenga madrasa, ikasemekana aliijenga mbele ya duka lake. Ilipofika adhuhuri tulikuwa tumethibitisha kwamba kati ya Mto Tana na mpaka wa Somalia hajawahi kuzaliwa mtu mwema.

Sheikh wa msikiti wa mtaani kwetu, ambaye alikuwa mjumbe, alikuwa amekula kimya muda wote huo. Aliponawa mikono ndipo aliposema kwamba tunajichosha bure, kwa kuwa kuchonga kiumbe chenye roho hakufai katika dini, na yeye mwenyewe alishalitolea hilo khutba mara nyingi.

"Sheikh," adeer akamjibu, "hiyo sanamu itakaa Nairobi. Sisi tutabaki huku."

Sheikh hakulikubali jibu hilo, ila alisema atabaki kwenye kamati ili kupunguza madhara.

Kwa kuwa tulishindwa kukubaliana juu ya lolote, tulikubaliana kusafiri. Katika nchi hii hakuna kamati iliyowahi kufikia uamuzi bila kwanza kwenda mahali kujifunza, na sisi tungejifunza kwa kutazama sanamu zilizopo. Tulikwenda watatu: adeer, sheikh na mimi. Tuliondoka na gari la ofisi alfajiri. Wazee wetu hadi leo husema "tunakwenda Kenya" wanapovuka daraja la Tana, na ukifika pale unaelewa kwa nini, kwani ndipo unaposimamishwa, ukashuka, ukaonyesha kitambulisho, na mtu akakilinganisha na uso wako kana kwamba uso ndio ulioghushiwa. Tulishuka wajumbe wa mashujaa wa taifa, tukapanga foleni pamoja na watu wa basi, tukarudi garini. Adeer alikung'uta vumbi begani. Alikuwa amevaa koti lake la harusi.

Jijini tulianza na sanamu kubwa. Sina nia ya kumtaja mheshimiwa aliyesimama pale. Mtu mmoja wa shaba, mkono mmoja umeinuliwa, na begani korongo mkubwa wa Nairobi ametulia kama mshauri wake, akiwa ameacha nyuma ushauri mweupe mrefu hadi kiunoni. Watu walipita bila kumtazama. Sheikh alimgeuzia mgongo kwa sababu za kidini, akatazama magari. Mimi nilinakili maneno yaliyochorwa kwenye jiwe, na nikiri kwamba kama mwalimu nilisahihisha kidogo kichwani. Adeer, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa mifugo na hawezi kuona kitu kikubwa asitake kujua kimo chake, alitoa kanda ya kupimia akaanza kuivuta kutoka miguuni mwa shujaa.

Askari wawili walitufikia kabla hajafika magotini.

Mmoja aliuliza tunafanya nini. Adeer, ambaye p zake zote hutoka b kama za wazee wengi wa kwetu, akamjibu kwa heshima kamili, "Tunabima sanamu."

"Bima? Bima ya nini?"

"Kubima tu. Urefu na ubana."

Waliangaliana. Nikaona mambo yanaharibika, nikaingilia kati kwa Kiswahili changu kizuri kabisa. Nilimwambia afande kwamba mzee anamaanisha kupima kimo, kwamba sisi ni wajumbe wa kamati iliyoteuliwa rasmi kwa ajili ya bustani ya mashujaa, na kwamba azma yetu ni kujionea namna mashujaa wenzetu walivyoenziwa. Nilitumia hata "azma". Lilikuwa kosa kubwa. Yule askari alinitazama kuanzia hijabu hadi viatu.

"Kiswahili hiki umekitoa wapi?"

"Shuleni, afande. Ndicho ninachofundisha."

"Unafundisha wapi?"

"Garissa."

Neno hilo lilifunga mjadala. Wasomali watatu, kanda ya kupimia, mmoja ameipa sanamu mgongo kama anayelinda njia, na mwanamke anayejua Kiswahili kuliko polisi. Hata mimi ningetukamata.

Kwenye kituo tulikalishwa kwenye benchi, na nisimsingizie mtu, hatukupigwa wala kutukanwa. Tuliulizwa tu. Vitambulisho vyetu vilichukuliwa vikapelekwa chumba kingine, labda kutafutiwa wenzao. Tuliulizwa majina ya babu zetu, jina la chifu, na adeer akaulizwa lini alivuka mpaka. Alisema hajawahi kuvuka isipokuwa leo asubuhi, pale darajani. Lilikuwa jibu la kweli lakini halikutusaidia.

Baadaye alikuja afisa kijana, mpole, mwenye wazo lake mwenyewe la kuwajua wananchi. Alimtaka sheikh aimbe wimbo wa taifa. Sasa sheikh haimbi. Kwake muziki uko jirani kabisa na sanamu. Lakini aliinuka, akafumba macho, akausoma wimbo huo kama asomavyo aya, kwa kuvuta panapovutwa na kusimama panaposimamwa, kwa sauti ile inayowaliza watu Ramadhani. Mlevi mmoja aliyekuwa kwenye kona alinyamaza. Sheikh alipoingia ubeti wa pili, afisa aliinamisha macho. Nadhani hakuwa amewahi kufika huko. Ulipokwisha, hakuna aliyejua kama inafaa kusema amina.

Afisa aliuliza, na nafikiri aliuliza kwa nia njema, "Sasa nyinyi sanamu mnaitakia nini?"

Nilimtazama adeer, maana yeye ndiye mwenyekiti. Aliyejibu alikuwa sheikh.

"Tunataka mtu wetu asimame pale," alisema. "Ili siku nyingine mkitukuta hapo, mjue tumekuja kumtembelea jamaa."

Tulitolewa saa za alasiri baada ya mtu wa ofisi ya waziri kupiga simu. Tuliambiwa samahani kwa usumbufu, na kwamba ni kwa usalama wetu wenyewe. Adeer alirudishiwa kanda yake. Njia nzima ya kurudi nyumbani sheikh alikuwa akitueleza kuwa dharura huhalalisha yaliyokatazwa, kwamba shaba si sawa na jiwe, na kwamba ikiwezekana sanamu yetu iwe ndefu kuliko ile. Mtu aliyeingia jijini akipunguza madhara alitoka akidai kimo.

Ni yeye pia aliyetupatia jina. Katika kikao kilichofuata alisema amefikiri sana, na shujaa wetu yuko hai, anakaa nyuma ya msikiti wake, naye ni Mwalimu. Hakuhitaji kuongeza neno. Garissa walimu ni wengi, lakini ukisema Mwalimu tu, kila mtu anamjua. Ni yule mama aliyekwenda nyumba kwa nyumba akiwaomba wazazi wapeleke mabinti zao shuleni, wakati ambapo kumtoa binti shuleni lilikuwa jambo rahisi kuliko kumpeleka. Alizaliwa upande wa Sangailu katika familia ya wafugaji, akaolewa na mtu wa Wajir, mama yake alikuwa wa ukoo wa tatu, na dada zake waliolewa katika koo nyingine zote zilizobaki. Kila mmoja pale mezani aligundua kwamba Mwalimu ni wake. Waliobaki bila uhusiano walikuwa wamechapwa naye darasani, na huo pia ni uhusiano. Jina lilipita bila kura, nikaliandika, nikaona aibu kidogo kwamba halikutoka kinywani mwangu, mimi niliyefundishwa naye kushika kalamu.

Ilibaki kumwambia mwenyewe.

Alitupokea barazani kwake, akatukalisha, akatupa chai ya maziwa ya ngamia na mikate ya anjera, na kumwacha adeer amalize hotuba yake. Mwalimu alikuwa amekonda, lakini bado alisikiliza vile vile, kichwa kimeinama upande mmoja, akingojea mtu akosee. Adeer alizungumza juu ya taifa, shaba na vizazi vijavyo. Mjukuu wa Mwalimu, msichana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa akitumiminia chai, alicheka kidogo kwenye neno shaba.

"Mnanizika nikiwa hai?" Mwalimu aliuliza.

Sheikh alimhakikishia kwamba ni heshima tu. Mwalimu akamtazama, akasema heshima anaijua, kisha akamwelekezea kidole yule mjukuu. Akatusimulia jambo ambalo nusu ya nyumba za Garissa zina la kwao. Katika ukame mmoja mbaya mifugo yote ya mama wa huyu binti iliisha, na yule mama, ili watoto wale, aliwapeleka kambini Dadaab akawaandikisha kama wakimbizi. Mtoto alibonyeza kidole chake kwenye mashine, akapata unga na mafuta. Alipofika umri wa kuchukua kitambulisho, akabonyeza kidole kile kile mbele ya serikali, na kompyuta ikasema huyu ni mkimbizi kutoka Somalia, nchi ambayo hajawahi kuiona hata kwa mbali. Amemaliza chuo cha ualimu. Hawezi kuajiriwa, hawezi kufungua akaunti, wala hawezi kuvuka daraja. Kila mwaka anaambiwa arudi mwaka ujao.

"Nyinyi mnataka kuniweka mimi katikati ya Nairobi," Mwalimu alisema, "na huyu hawezi kufika hata kuja kunitazama."

Adeer akanywa chai. Mwalimu akatuokoa. Alisema yuko tayari. Sharti lake lilikuwa moja tu. Mkono wake siku hizi unatetemeka, kwa hiyo karatasi zote za ruhusa na picha za kumpa mchongaji zitatiwa saini na mjukuu wake kwa niaba ya familia, huyu na si mwingine. Alisema hayo kwa upole mkubwa, huku ameshika kikombe kilichojaa chai hadi ukingoni, na sikuona kikimwagika.

Niliandika sharti hilo kwa Kiswahili cha serikali, likapelekwa. Ofisi ya Nairobi ikajibu vizuri sana: saini ya familia inakubalika, mradi mwenye kusaini awe na kitambulisho. Tukawajibu kwamba hana. Kukawa kimya. Sikukuu ilikuwa inakaribia, waziri alishatangaza redioni kwamba safari hii hakuna upande wa nchi utakaoachwa nje ya bustani, na jiwe la kusimamishia lilikuwa tayari. Sijui nani alimpigia nani. Ninachojua ni kwamba kompyuta ambayo kwa miaka ilikuwa imeshikilia kwamba binti huyu ni mgeni ilibadilisha mawazo kati ya Ijumaa na Jumanne. Hakuulizwa jina la babu, wala la chifu. Kitambulisho kililetwa kwa gari la serikali hadi mlangoni, jambo ambalo Iftin tulikuwa hatujawahi kuliona isipokuwa gari hilo linapokuja kuchukua mtu.

Siku ya kusaini walikuja wageni kutoka Nairobi, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na mpiga picha. Kamati nzima ilihudhuria. Adeer alivaa tena koti lake. Mjukuu aliletewa karatasi, akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, kama alivyolelewa kusoma. Kisha akaikunja vizuri, akairudisha kwa yule mgeni kwa mikono miwili.

"Ayeeyo hataki," alisema, akimaanisha bibi yake. "Na mimi siwezi kusaini asichokitaka."

Mgeni alidhani hakusikia vizuri. Akamgeukia Mwalimu, akamuuliza kwa sauti ya juu, kama wanavyofanya na wazee, kama si yeye aliyekubali. Mwalimu akasema alikubali, ndiyo, lakini baadaye alikumbuka kwamba yeye ni Mwislamu, na amekuwa akimsikia sheikh wake kila mwaka akieleza kuwa kuchonga kiumbe chenye roho hakufai. Akamtaka sheikh, kwa kuwa yupo hapa, awaeleze wageni.

Nimewahi kuona watu wakikwama, lakini sijaona mtu akikwama kama sheikh siku ile. Alimtazama adeer. Alimtazama mpiga picha. Ile hoja ya dharura ilikuwa mdomoni, niliiona, lakini Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anangoja.

"Ni kweli," sheikh alisema mwishowe. "Haifai."

Adeer alikuwa na hasira na mimi kwa muda wa kutosha. Aliamini kwamba nilijua mpango wa Mwalimu tangu mwanzo. Sikujua, ila siku ile ya chai nilishuku, na sikushuku kwa sauti. Nilimkumbusha kwamba alinidhamini kuwa si mtu wa maswali.

Nairobi hawakukaa na pengo. Waliona kwamba upande wetu una matatizo na watu, wakaamua kutuwakilisha kwa ngamia. Nimeambiwa ni ngamia mzuri wa saruji, mmoja, amepiga magoti, na chini yake kuna maandishi yanayosifu umoja wetu. Koo zote zimeridhika, maana kila ukoo una ngamia. Alizinduliwa siku ya sikukuu na waziri mwenyewe, ambaye alisema kwamba deni la kihistoria sasa limelipwa. Sheikh alipoletewa picha ya sanamu hiyo kwenye simu alisema ngamia naye ana roho, lakini alisema polepole, bila khutba. Mimi nimepita jijini mara mbili tangu wakati huo na sikuona sababu ya kwenda kumtazama. Wa kwetu ninawaona hai kila asubuhi, wameziba barabara.

Mjukuu wa Mwalimu alipata kazi muhula uliofuata. Walimpeleka Diff, mpakani kabisa, ambako mwalimu yeyote kutoka kwingine akipangiwa huugua ghafla. Nilimsindikiza stendi. Bibi yake hakuja. Alisema ameshamfundisha kila kitu na hana la kuongeza. Jioni ya siku ya pili msichana alinipigia simu kusema amefika salama. Njiani basi lilisimamishwa mara nyingi, na katika kizuizi cha mwisho askari mmoja alikichukua kitambulisho chake, akakitazama, akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, kisha akamuuliza kama ana kingine.

Alimjibu kwamba anacho kimoja tu, kama afande mwenyewe.